Sista Komeo na Kundi la Wodi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ya upasuaji, Sista wetu mkuu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Ofisini ana jina lake. Sisi wodini tunamwita Sista Komeo, maana akitoka kwa mgonjwa lazima avute pazia, afunge mlango, halafu arudi kuhakikisha. Mimi ni mhudumu wa usafi wodini humo, na nimepewa kazi ya kuandika kwa sababu, wamesema, naongea sana.

Amefundisha wauguzi wengi kufunga bandeji bila kumuumiza mtu, na amewanunia madaktari wakubwa bila woga. Akicheka, hucheka mpaka anashika ukuta.

Lakini kilichomtoa jasho ni simu. Zamani, mgonjwa akiwa na kidonda kibaya na daktari yuko mbali, wauguzi walipiga picha wakaitupa kwenye kundi la wodi la simuni. Majibu yalikuja upesi, sikatai. Ila kundini walikuwemo waliohama, dereva aliyeacha kazi, na muuza dawa mmoja ambaye hadi leo haijulikani nani alimwingiza. Na kila picha ilijihifadhi yenyewe kwenye simu ya kila mtu.

Ikafika siku daktari mmoja anamfanyia mwanawe sherehe ya kuzaliwa. Akaunganisha simu na televisheni wageni waone picha za mtoto. Mtoto na keki, mtoto na baiskeli, kisha paja la mgonjwa wetu, na uso wake unaonekana. Shangazi wa mgonjwa alikuwa pale pale sebuleni, ameshika sahani. Sista, naye alikuwa mgeni pale, aliinuka akachomoa waya ukutani. Jumatatu yake alijitoa kundini, akatangaza kwamba picha ya mgonjwa haitatoka tena kwenye simu yake.

Muda si mrefu binti yangu akaungua kifuani kwa maji ya moto. Alikuwa katika umri wa kuona haya hata mbele yangu. Daktari yuko mbali, anataka picha kundini, na mimi mama mtu nusura nimwambie Sista apige tu, bora mtoto apone. Sista alimpigia daktari, nami nasikia: "Daktari, kidonda nitakueleza mpaka ukione. Kifua cha mtoto wa watu sikiweki kundini." Akaeleza ukubwa, rangi, malengelenge, hakuacha kitu. Daktari alifoka, lakini dawa aliitaja. Binti yangu alipona.

Ofisini msimamo huo waliuita ukaidi. Wakampeleka stoo kupanga glavu. Alikwenda kichwa juu. Wauguzi nao, mmoja mmoja, wakaanza kujitoa kundini, na simu za madaktari zikawa zinaita kutwa, wauguzi wakieleza vidonda kwa mdomo. Mwishowe uongozi ulimrudisha, ukafuta kundi, ukaleta simu za hospitali: mgonjwa anaombwa ruhusa kwanza, picha inamfikia daktari wake tu, na anayehama kazi anaondolewa kwenye simu hizo siku hiyo hiyo.

Sasa nasikia minong'ono kwamba Komeo akishaondoka kundi la zamani litarudi, eti mambo yawe mepesi. Mepesi kwa nani? Wanaosubiri tuchoke, wasubiri wamekaa. Wauguzi wameshakubaliana, na sisi wa mifagio tumo: mgonjwa akiulizwa akakataa, amekataa. Hata haya ya binti yangu nilimwomba ruhusa ndipo nikaandika. Alisoma yote, akafuta sentensi mbili, akasema mengine yaende. Sikumbishia.

Sista, asante kwa kusimama wakati wengine tulikuwa tayari kukubali. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wasumbufu wa kukuchekesha. Wodi tuachie sisi. Kundi hilo halirudi.