Mzee Filbert Bakili na Mzigo Ambao Sikumtua

Ni nani kati yenu ambaye hakuwahi kubebewa mzigo na Mzee Filbert Bakili? Kama yupo, basi ni mgeni hapa Mtaa wa Swahili. Makabati yenu, magunia yenu ya mkaa, masufuria ya harusi zenu, hata sufuria zilizopika chakula cha msiba huu, vyote vilipita juu ya kichwa chake. Marehemu alikuwa hamali wa Kariakoo kwa miaka arobaini na mitatu. Nalitaja neno hilo mapema, kwa sababu katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu, niliyoiandika Jumapili usiku, mimi mjukuu wake nilikuwa nimeandika "mkulima".

Marehemu alizaliwa mwaka 1911 katika kijiji cha Chigugu, Masasi, mtoto wa pili wa Mzee Bakili Mtalika. Mwaka 1916 baba yake alikamatwa shambani akatiwa katika kundi la wapagazi wa vita. Alibebeshwa masanduku ya risasi na watu ambao hawakuwahi kumuuliza jina. Vita vilipokwisha alikaa miezi saba hapa Dar es Salaam, katika kambi ya wapagazi iliyoliachia soko letu jina lake. Alirudi Chigugu kwa miguu, na alichorudi nacho ni ngata yake ya kitambaa. Shingo yake haikugeuka tena kushoto. Ukimwita kutoka upande huo, aligeuka mwili mzima.

Marehemu alisoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, akaacha mwaka 1924 baba yake alipofariki. Mwaka 1936 alipanda meli Lindi kuja Dar es Salaam, ngata ya baba yake ikiwa ndani ya kofia. Kila kitambaa cha nje kilipochakaa alizungushia kingine, lakini kile cha ndani hakukitoa hata siku moja.

Mwaka 1940 alifunga ndoa na Winifrida, wakajaliwa mtoto mmoja, mama yangu Clotilda. Mama naye alibeba: maji ya kuuza, debe kwa debe, mpaka nilipomaliza shule. Hivyo vizazi vitatu vilibeba kwa kichwa ili mimi nibebe vitabu kwapani.

Wengi mnakumbuka utani wa nyumba ile. Bibi aliniita mume wangu, na Babu aliniita mwizi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwizi wa mke wangu. Leo umeniachia hata mwiko wa kulamba?"

"Mzee huna meno, mwiko wa nini?"

"Meno umeniibia wewe!"

Hata Bibi alipofariki mwaka 1974, Babu aliniambia kaburini, machozi yakimtoka, "Haya, sasa tumefiwa wote wawili."

Nilipoingia chuoni mwaka 1978, fomu iliuliza kazi ya mlezi. Niliandika "mkulima". Wenzangu niliwahutubia kila wiki juu ya heshima ya jasho na unyonge wa mfanyakazi, na walinipigia makofi. Jumamosi moja ya mwaka 1979, hotuba kama hiyo ikiwa imekwisha, nilikuwa nimesimama langoni na rafiki yangu Elieshi. Babu akatokea. Alikuwa ametembea kutoka Kariakoo hadi Upanga na gunia la makopa ya muhogo kichwani, kwa kuwa alisikia chuoni chakula kimepungua. Akasimama mbele yangu akingoja nimtue. Mnajua wenyewe: mzigo wa kichwani hutwikwa na mwingine na hutuliwa na mwingine.

Elieshi akauliza, "Ni nani huyu?"

Nikasema, "Hamali wa sokoni."

Mikono yangu ikabaki mfukoni. Elieshi, mtoto wa watu asiyemjua, ndiye aliyesema, "Shikamoo, mzee," akamtua. Babu alifuta jasho, akaniangalia mimi, akasema, "Nimefikisha, bwana mkubwa." Akarudi kwa miguu.

Tangu siku hiyo hakuniita mwizi tena. Nikimwamkia aliitikia, "Marahaba, bwana. Habari za masomo?" Hakunigombeza wala hakumsimulia mama. Aliniondolea utani tu, na kwa babu na mjukuu hakuna fimbo iliyo nzito kuliko hiyo. Mara mbili nilikwenda kuomba radhi. Mara zote mbili nikaishia kumweleza habari za siasa.

Mwishoni mwa mwaka ule ule kifua kilimlazimisha kuacha kazi. Alilazwa mara tatu, na Jumapili tarehe 14 Juni 1981, saa kumi na moja jioni, alifariki nyumbani akiwa mikononi mwa binti yake. Nilifika saa moja baadaye. Ameacha binti mmoja, Clotilda. Mjukuu mmoja, ambaye ni mimi. Na mahamali wenzake wa soko, ambao leo wamekataa gari na kumbeba wenyewe. Mwenyezi Mungu amtue mizigo yake yote.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, Jumatatu, waombolezaji wakiwa wamekaa uani, mtani wetu Bibi Mwanamkuu, Mzaramo wa nyumba ya pili, aliingia amevaa shati la kaki la marehemu. Kichwani alikuwa na ngata ile, na juu yake gunia.

"Pisha mzigo! Pisha mzigo! Mmebanana kama foleni ya sukari! Mimi Filbert, nimetoka mbinguni sasa hivi. Petro kanizuia mlangoni: 'We Mmakua, kitambulisho cha kazi kiko wapi? Zunguka mlango wa mizigo!'"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama alicheka huku akilia. Mwanamkuu akapita katikati yao wote, akaja kusimama mbele yangu. Akangoja. Shingo yake ilikuwa ikitetemeka.

"Bwana mkubwa," akasema, "nimefikisha."

Hapo nikajua Babu alimsimulia yeye. Nikainuka, nikashika gunia kwa mikono miwili, nikamtua. Lilikuwa na makopa. Mwanamkuu akavua ngata, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Kumbe unajua, mwizi we."