Fundo la Kushoto

Tangu treni ilipoondoka Rosenheim, mzee Korbinian alikuwa kwenye ukurasa uleule wa gazeti. Mbele yake waliketi wanawake wawili waliovalia magauni ya sherehe, safari yao Munich kwenye tamasha la bia. Wenzao walikuwa wametangulia kuwahi meza.

"Shoga, aproni umeifunga kushoto," alisema Roswitha. "Kushoto ni kwa wasioolewa, kulia kwa wenye waume. Mjane hufunga nyuma. Mumeo Sepp hata mwaka hajamaliza kaburini!"

"Nyuma sipafikii," alijibu Ottilie, akitafuna mkate wake wa chumvi.

"Geuka nikufunge."

"Niache bwana! Miaka thelathini nimefunga kulia, sasa naonja kushoto."

"Watu watasema."

"Basi waanze na wewe. Wangu alikufa, nikamzika. Wako mwaka wa tatu huu anaishi kwa mwanamke wa Passau, na fundo lako bado liko kulia."

Hapo Korbinian akaona heri ageuze ukurasa, asije akaonekana anasikiliza.

Treni ikasimama. Ottilie alitangulia kushuka, akipukuta makombo kifuani. Roswitha akamfuata polepole, mkoba ameuhamishia kulia, juu ya fundo.