Kengele ya Baiskeli

Tangu Kakuma, Keziah hakuacha kuiwazia baiskeli iliyofungwa kwenye keria ya teksi ya Probox. Alikuwa akimpelekea bintiye Lodwar, aache kwenda shule kwa miguu.

"Msichana atapita wapi na hiyo baiskeli?" akauliza Mzee Lomorukai, abiria aliyeketi kando yake.

"Kile kijia cha mtoni, kule Nawoitorong. Barabarani kuna malori."

"Huko kuna bata bukini, mama. Saa hii wako na watoto. Hawatokangi njiani, na wakikukujia na mabawa unaanguka."

"Atapiga kengele, mzee."

Mzee alishusha sauti, kama mtu aliyebeba habari za msiba. "Bata haijali kengele. Mbuzi ndiyo inajali. Sisi tunafunga kengele ile mbuzi inaongoza, wengine wanafuata. Msichana atakuwa na bata mbele, mbuzi nyuma."

Keziah alicheka peke yake. Mbuzi yeye alimjua kwa kilo tu, buchani.

Lodwar, dereva alipoishusha baiskeli, kengele ililia. Ng'ambo ya barabara, mbuzi waliokuwa wakitafuna katoni waliinua vichwa, wakaanza kuvuka. Keziah akaifunika kengele kwa kiganja. Mbuzi hawakusimama, na lori lilikuwa linakuja.