Mtahini Aliandika Nini?

Ukitaka jibu la jambo lolote duniani, njoo Kissy, upande wa mashariki wa Freetown, ukae mbele ya duka la mzee wetu, Pa Lamrana. Pana benchi refu lililovunjika mguu likaegeshwa kwenye tofali, jiko la mkaa, na birika dogo la ataya, chai ya majani ya kijani ambayo Pa huichemsha mara tatu: mkupuo wa kwanza mchungu kama dawa ya minyoo, wa tatu mtamu kama ahadi za mgombea. Pale kijiweni mimi naitwa Antwerpeni, kwa kuwa niliwahi kuosha vyombo miaka miwili katika mji wa Antwerp na mpaka leo sijamaliza kuusimulia. Spika anatangaza misiba kwa kipaza sauti. Hata akinong'ona, mtaa wa pili unasikia. Waziri hajawahi kuwa waziri: aligombea udiwani mara mbili, na mara ya pili akapata kura chache kuliko idadi ya watu wa nyumbani kwake. Mbao ni seremala, mwembamba kiasi kwamba akigeuka ubavu unaweza kudhani ameondoka. Jumatano ile, saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye mkupuo wa kwanza pale Jariatu, binti wa Pa Lamrana, alipotoka ndani na sare nyeupe, kipimo cha presha mkononi, macho mekundu.

— Daktari wetu huyo! alisema Spika, na mbwa wa jirani akaamka.

— Muuguzi, mjomba. Na bado sijawa. Nikianguka leo narudia mwaka mzima.

Habari yake tuliijua wote. Jariatu alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uuguzi. Mitihani ya karatasi aliipita yote, tena kwa alama za kuringia. Ule wa vitendo, unaofanywa kwa mtu halisi aliyelala kitandani, ulimwangusha. Chuo kilimpa nafasi ya pili, na ya mwisho: leo, saa nane mchana.

— Kwani ulikosea wapi, mwanangu? niliuliza.

— Ningejua ningelala usiku, Anko Antwerpeni. Niliingia chumbani, nikaenda moja kwa moja kwa mgonjwa, nikamshika mkono nihesabu mapigo. Kabla sijahesabu hata moja, mtahini kashaandika kitu. Uso umefungwa kama maduka siku ya usafi wa jiji. Basi mikono ikaanza kutetemeka, ikatetemeka mpaka mwisho.

— Aliandika nini?

— Hawasemi. Unapewa alama zako unaondoka.

Hapo benchi lilichangamka. Ungedhani ametangazwa mshindi wa bahati nasibu. Watu wanne, siri moja, na muda wa kutosha.

— Viatu, alisema Mbao. Vililia. Kiatu kikilia, mgonjwa anashtuka, moyo unakwenda mbio, vipimo vyote vinaharibika.

— Acha zako, alisema Waziri. Hiyo ni siasa. Mtahini alishaandika jina la mshindi wake tangu jana. Alichokuwa anaandika pale ni sahihi tu. Mimi hayo mambo nayafahamu.

— Wewe kura zako hazikuibwa, Waziri, alisema Mbao. Mkeo mwenyewe alisema hakukupigia.

— Mke wangu alikuwa na homa!

— Nyamazeni niwaambie, alisema Spika akisimama. Mimi nimekaa na wafu miaka kumi na saba. Yule mgonjwa alikuwa ameshakufa. Ni mtego! Wanamlaza marehemu pale, mwanafunzi anahesabu mapigo: sitini, sabini. Mtahini anaandika: huyu anahesabu mapigo ya maiti!

— Mjomba, alikuwa anakohoa.

— Wengine hukohoa.

Pa Lamrana alimimina ataya kutoka juu hadi povu likajaa bilauri. Nyingine ilimwagika pembeni, na Pa huwa hamwagi.

Zamu yangu ilifika. Nawaza sasa kwamba ningekaa kimya ningeonekana mtu wa maana.

— Kule Antwerpeni, nilianza, na wote wakaguna, kule Antwerpeni nilijiunguza mkono kwa mafuta ya viazi, nikalazwa siku tisa. Kila muuguzi akija, kabla hajanigusa, ananiuliza kitu kwa lugha yao. Mimi nilijua neno moja tu, la kukubali. Basi akiuliza, nakubali. Anacheka, ananipima. Kwa hiyo siri ni kicheko! Jariatu, ingia unacheka.

— Acheke mbele ya mtu anayeumwa? alisema Mbao. Huyo atapigwa, si kufelishwa.

— Mazoezi! aliamua Waziri, akigonga benchi kama spika wa bunge. Tuna saa mbili na nusu kabla hajaondoka. Mbao, lala. Wewe ndiye mgonjwa.

Mbao alilala benchini kwa furaha ya mtu aliyesubiri cheo maisha yake yote. Tulinyanyuka kumpisha. Akafumba macho, akaanza kuugua kwa sauti.

— Mguu unaniuma! Na sikio! Na paa langu linavuja!

— Paa si ugonjwa, wewe!

— Likivuja juu ya kitanda ni ugonjwa.

Jariatu alivuta pumzi, akaja mbio, akamshika kifundo cha mkono. Mikono ikatetemeka. Akaacha. Waziri akashika simu apime muda. Jariatu akaja tena, mbio zaidi. Ikatetemeka zaidi. Mara ya tatu Spika alikuwa anamhesabia kwa sauti kama mbio za farasi, watu wa dukani wametoka kuangalia, muuza mikate ya moto ameweka kapu chini, kila mtu anapiga kelele "Haraka! Haraka!", na Jariatu akaufunga mkanda wa kipimo cha presha kwenye goti la Mbao.

— Sio hapo! alilia Jariatu, akakaa chini na kucheka, kisha ikawa si kucheka tena.

Ndipo iliposimama pikipiki ya abiria, okada kama tunavyoziita. Mwendeshaji alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Alivua kofia yake ngumu, akamsalimu Pa Lamrana, akanisalimu mimi, akamsalimu Spika, Waziri, muuza mikate, akamsalimu hata Jariatu pale chini, mmoja mmoja, ndipo akaomba bilauri ya ataya. Akanywa huku anatutazama.

— Huyu ni mgonjwa kweli? aliuliza.

— Mgonjwa wa mtihani, nilisema, nikamweleza yote, pamoja na maiti ya Spika.

— Sawa. Anaitwa nani?

— Mbao.

— Mbao ni jina la kijiweni. Jina lake?

Nilimtazama Spika. Spika akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Pa Lamrana, ambaye amemuuzia Mbao sukari kwa miaka kumi na tisa. Pa akafunua kifuniko cha birika, akachungulia ndani.

— Si Mohamed? alijaribu Waziri.

— Hapana, alisema Mbao, bado amelala.

Mwendeshaji alikuna ndevu. — Sina ubaya. Ni kwamba mama yangu alilazwa wiki tatu. Alikuwa Kitanda cha Kumi na Moja. "Kumi na Moja amekula? Kumi na Moja apewe dawa." Alikataa chakula kabisa. Siku moja akaja mwanafunzi, binti kama huyu, akamwambia, shikamoo mama, mimi fulani, wewe unaitwa nani? Siku hiyo mama alikula wali.

Jariatu alisimama polepole, mkono mdomoni.

— Lile sanamu, alisema.

— Sanamu gani?

— La mazoezi! Chuoni liko moja, sisi tisini. Dakika tatu kila mtu. Unalikimbilia, unashika mkono, unatoka, mwenzako anaingia. Nani atasalimia plastiki? Siku ya kwanza tulifundishwa: msalimu, jitambulishe, muulize jina. Nimeyaandika mwenyewe! Halafu mwaka mzima nimefanya mazoezi ya kutosalimia. Anko, nilimshika yule mgonjwa mkono kama mwizi!

Hapa Freetown huwezi hata kununua mkate bila kuuliza mtu ameamkaje. Nami siku tisa zile nilikuwa nikiulizwa jina langu, nikijibu "Ndiyo". Kuna upumbavu mtu anastahili kuumeza peke yake.

Jariatu alikunja vizuri mkanda wa kipimo. Akaja kwa mwendo wa kawaida, akainama mpaka uso wake ukawa usawa na wa Mbao.

— Shikamoo, Pa. Mimi ni Jariatu, mwanafunzi wa uuguzi. Naomba jina lako.

Mbao alifumbua macho. Alichelewa kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko aliouzoea.

— Alimamy, alisema. Alimamy Gibril Sesay.

— Jina la machifu! alifoka Spika. Na ungekufa jana ningetangaza nini kwenye kipaza sauti? Mbao amekatika?

— Shh! alisema Pa Lamrana.

— Unajisikiaje, Pa Alimamy?

Tulingoja sikio na paa. Hakuvitaja.

— Usiku silali, alisema Mbao kwa sauti ndogo. Tangu mke wangu Isatu aende kwa dada yake. Mwezi wa tatu huu. Moyo unakwenda mbio tu.

Alikuwa amekaa nasi kila siku ya miezi hiyo mitatu, tunabishana mpira.

— Pole sana, Pa. Naomba nishike mkono wako nihesabu mapigo.

Akamshika. Nilitazama vidole vyake. Vilikuwa vimetulia pale kama vimeota mizizi.

Saa sita na nusu aliondoka nyuma ya pikipiki ile ile, kofia ya ziada kichwani, na mwendeshaji alikataa nauli. Mbao alikuwa ameshapewa maagizo ya kufika kituo cha afya kesho, na alikuwa anayarudia kwa kila mteja wa duka. Sisi tukakaa. Mkupuo wa pili ukaisha hakuna aliyebishana, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Saa kumi kasorobo simu ya Pa Lamrana ililia. Akaibonyeza tusikie wote.

— Baba! Nimepita! Baba, aliandika tena! Dakika ya kwanza tu, nilipomuuliza mgonjwa jina, mtahini akaandika. Safari hii nimeona, ni alama ya vema!

Siwezi kukueleza kelele zile. Spika alitangaza habari bila kipaza sauti mpaka bandarini. Waziri alimbeba Mbao, yaani Alimamy, akamzungusha mara mbili. Muuza mikate aligawa mikate. Mimi nilicheza ngoma ambayo kule Antwerpeni iliwahi kufanya waniitie gari la wagonjwa.

Pa Lamrana alifuta macho kwa ncha ya kanzu, akamimina mkupuo wa tatu, sukari mara mbili. Bilauri ya kwanza akaiinua juu.

— Hii ni ya yule ndugu wa okada. Mtu akimwona barabarani amwite. Anaitwa nani?

Ngoma ikakatika.

— Kofia yake ilikuwa nyekundu, alisema Waziri.

Pa Lamrana aliifunika bilauri kwa kisosi, akaiweka karibu na mkaa isipoe.