Ngozi Iliyowaka na Wifi Niliyemufukuza

Wamama, wapapa wa kanisa, asante kunipa nafasi mbele hamujaenda nyumbani. Munanijua: mimi nauzishaka pilipili ya kusaga sokoni. Lakini kile niko nacho chini ya kikwembe, hiki kitenge nimejifunga, wengi hamukijui. Leo nitakisema.

Utumbo wangu ulijikunja. Wakanipasua haraka. Nilipoamuka, nikakuta daktari amefungua njia pembeni ya kitovu, na choo kinatokea pale, kinaingia ndani ya mufuko unaobandikwa kwenye tumbo. Sisi tunauita poshi. Ukijaa unaubandua, unasafisha ngozi, unabandika mwingine.

Pale hospitalini ngozi yangu ilikuwa muzuri. Muuguzi alinifundisha kila kitu, mimi nikaitika ndiyo mama, ndiyo mama. Nawaambia ukweli: nilishika nusu.

Nikarudi nyumbani. Dada ya bwana yangu akatoka Rutshuru kuja kunisaidia. Sitataja jina lake. Yeye ndiye alikuwa anachemusha maji na kukata tundu la poshi na makasi; kubandua na kubandika nilifanya mwenyewe. Mwezi wa kwanza, nikiwa kitandani, hakukuwa shida. Nikapata nguvu, nikarudi kwenye kazi yangu, na ngozi ikaanza kuwaka moto. Nyekundu, inatoa majimaji. Poshi haishiki tena. Siku moja ilibanduka niko katikati ya wateja, na munajua wenyewe vile watu wanasogea pembeni.

Nikajiuliza: hospitalini hapana, nyumbani ndiyo. Nani yuko nyumbani?

Munielewe, ndugu zangu. Huyu wifi hakutaka kaka yake anioe. Nikaanza kumuchunguza. Akileta maji, nayanusa. Akicheka na jirani kwenye mulango, nasema ni mimi wananicheka. Kuna asubuhi nilimuona ameingiza kijiko ndani ya sufuria ya maji yangu.

— Unatia nini humo?

— Sitii, wifi, natoa. Vumbi imeingia.

Hii vumbi yetu nyeusi ya volkano, munaijua, inaingia hata ndani ya sanduku. Lakini mimi nikasema moyoni: angejibu nini kingine?

Nikafungia poshi zote, funguo nikavaa shingoni. Nikaanza kuchemusha maji mwenyewe. Iliendelea kuwaka! Mutu mwenye akili angesema, basi si yeye. Mimi nikasema, kumbe huyu hana hata haja ya kugusa, anaroga kwa mbali.

Jumapili moja, hapa hapa uwanjani, nikamunyooshea kidole nyinyi mukisikia: "Huyu anataka nife!" Alikaza kikwembe chake kichwani, na kesho yake akapanda basi ya Rutshuru. Jina la muchawi likamufuata nyuma. Wengine wenu mulilisema, mimi ndiye niliwapa.

Na ngozi? Wifi yuko Rutshuru, mimi naungua Goma.

Ndipo yule muuguzi akaja kunitembelea. Alinikuta nachekecha pilipili. Akasema:

— Badilisha poshi, mama, vile unafanyaka kila siku. Mimi natazama tu.

Nikapangusa mikono kwenye kikwembe, nikashika poshi.

— Simama! Umenawa?

— Nanawaka nikimaliza. Uchafu si unatoka tumboni? Mikono yangu iko safi, tazama.

— Iko safi? Lamba kidole.

Nilimukazia macho. Hata yeye nikamushuku, nawaambia! Nani amemutuma huyu? Lakini nikaweka kidole kwenye ulimi.

Moto ule ule. Ule wa tumboni, wa miezi yote ile.

Nikakaa chini. Hakunicheka. Akanionyesha kwamba pilipili haitoki na maji matupu. Napakaa mafuta ya kupikia kidogo, nasugua, kisha sabuni mara mbili, katikati ya vidole mupaka chini ya kucha, na mutu ananimwagia maji na jagi, si kuchovya ndani ya beseni. Hapo ndipo nagusa ngozi yangu. Nikimaliza nanawa tena, choo kisifike kwenye sahani ya watoto. Na tangu siku ile nabadilisha asubuhi, mbele sijashika kazi. Hazikupita juma nyingi, ngozi ikakauka.

Nikaenda Rutshuru. Nilimukuta anapalilia maharagi. Nikapiga magoti kwenye udongo. Hakuniinua.

— Nimekusikia, alisema. Lakini ulinisingizia wapi?

— Mbele ya watu.

— Basi.

Akaendelea kupalilia.

Ndiyo maana nimesimama. Namushukuru Mungu. Namushukuru yule muuguzi. Na bwana yangu, aliyesomba maji bidoni kwa bidoni na hakuziba pua hata siku moja. Wewe uko na poshi na unajificha, nakuomba: nawa na sabuni mbele ya kugusa, nawa tena ukimaliza. Kitu walikuambia hospitalini na haukushika, rudi uulize, kuona haya hakuui. Na ukitaka kujua nani anakuumiza, anza na vidole vyako.

Sasa mutazame pale nyuma. Bwana yangu ameshika simu sikioni? Hapana, ameinyoosha huku kwetu. Dada yake yuko upande wa pili, anasikia tangu nimeanza.

Wifi, haukunifanyia ubaya wowote. Nilikusingizia, na hawa wote ni mashahidi. Nimesema mbele yao.