Ng'ombe wa Kipaimara: Historia ya Marehemu Mzee Filemon Eliaichi Mlay

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, majirani wa Kyaseni, na ninyi mliopanda kutoka Moshi mjini na wengine kutoka Rombo, shikamooni wakubwa, na wadogo poleni kwa safari. Familia inaomba radhi mapema kwamba historia hii haitasomwa kama zinavyosomwa nyingine, kwa kuwa wengi mlioketi chini ya maturubai haya mmeugua kwa mkono wa huyu tunayemzika, na wengine bado mna bandeji, na hakuna njia ya kupita pembeni ya jambo hilo. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, nasi tumechutama mbele yenu.

Marehemu Mzee Filemon alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Kyaseni, Marangu, katika kihamba hiki hiki cha migomba na kahawa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Eliaichi Mlay na Mama Anaeli, ambao wote wamekwisha kutangulia. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akaendelea na sekondari mjini Moshi hadi mwaka 1969, na baada ya kumsaidia baba yake shambani kwa muda, akajiunga na chuo cha mifugo, ambako alitunukiwa cheti mwaka 1973.

Januari 1974 aliajiriwa kuwa bwana mifugo, akapangiwa Mkuu, Rombo, alikokaa miaka mingi, kisha akahamishiwa Moshi vijijini hadi alipostaafu mwezi Machi 2011. Wa Rombo mliopo hapa mnamkumbuka kwa jina la Bwana Chokaa, kwa sababu kila palipokufa ng'ombe ghafla alifika na mfuko wa chokaa nyuma ya pikipiki, akasimamia shimo lichimbwe kupita kimo cha mtu, akafukia mzoga na ngozi yake na majani uliyolalia, na mwenye ng'ombe akilia au akitukana, yeye alimwaga chokaa tu. Ilisemwa kwa utani kwamba ukimwalika harusini huikagua nyama kwanza ndipo akusalimie, naye hakukanusha.

Alikuwa mwalimu kwa tabia. Katika mikutano ya wafugaji alikunja vidole akiyapanga maradhi kwa njia yanazosafiria, yapo yanayokuja na pumzi ya mgonjwa, yapo ya maji na kinyesi, yapo yanayobebwa na kupe na mbu, yapo ya kugusana, na yapo yanayotoka kwa mnyama kumwendea mtu. Katika kundi hilo la mwisho alikitenga kimeta peke yake, akieleza kwamba kijidudu chake, mzoga ukipasuliwa na kupigwa na hewa, hujivika ganda gumu na kulala ardhini miaka na miaka, hakifi kwa jua wala kwa mvua, kikingoja tu ng'ombe mwingine aje kula majani ya pale. Alifundisha kwamba kwa binadamu kina sura tatu, ya ngozi, ambayo ni kidonda chenye gamba jeusi kisichouma, ya tumbo, inayowapata waliokula, na ya mapafu, inayowapata wavutao vumbi la ngozi na manyoya, na kwamba zote tatu zina dawa ikiwa mgonjwa atawahi na daktari ataambiwa ukweli. Maneno hayo aliyarudia kwa miaka thelathini na saba, na hata sisi wa nyumbani tuliweza kuyasema pamoja naye.

Tarehe 17 Juni 1978 alifunga ndoa takatifu na Bi Elisifa, wakajaliwa watoto watatu, Jesse, Eliufoo na Aikaeli, na wajukuu saba. Jesse alimwoa Bernadetha, binti wa kutoka Mkuu, Rombo, aliyelelewa Katoliki, na mtoto wao Gladness ndiye aliyepata kipaimara Jumapili ya tarehe 7 Desemba mwaka huu, sherehe ambayo wote tunaijua.

Jumamosi ya tarehe 6, alfajiri, Bi Elisifa alikwenda bandani kumpa majani fahali aliyetunzwa mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo, akamkuta amelala ubavu, tumbo limejaa, na puani ametokwa na damu nyeusi nyepesi. Alimwita mumewe, mumewe akaja akamgusa sikio, akageuka akatazama uani. Maturubai yalikuwa yamekwisha fungwa, pombe ya mbege ilikuwa imeiva, wageni wa Dar es Salaam walikuwa njiani, na huku kwetu hakuna asiyejua kwamba kipaimara bila nyama ni hadithi itakayosimuliwa mpaka mtoto aolewe. Marehemu alimweleza mkewe baadaye kwamba alijiambia ni gesi tu, na kwamba ni majani mabichi ya mvua za vuli. Akamwita mdogo wake Isack aje na kisu. Isack aliuliza kama mnyama bado ana pumzi, na marehemu akajibu kwa neno moja tunalolijua sote, kwamba amewahiwa.

Ni neno la halali. Mfugaji akimkuta mnyama wake amezidiwa akamchinja kabla hajakata roho, huwaambia majirani kwamba amemuwahi, nao hununua au hupokea nyama kwa amani, kwa sababu huamini kwamba kisu kilitangulia kifo. Likisemwa na mkulima wa kawaida mtu anaweza kuuliza mara mbili, lakini siku ile lilisemwa na Bwana Chokaa, nani angeuliza.

Damu iliyopatikana ilikuwa kidogo, na Isack alipoikinga kwa ajili ya kisusio, ile supu yetu ya damu, akashangaa kwamba haigandi. Wapishi mnajua kazi ilivyo, damu ya supu huvurugwa kwa kijiti mpaka mkono uchoke ili isishikane, na siku ile ikatulia sufuriani laini kama maziwa. Isack akaiita baraka ya mtoto, wanaume wakacheka na kusifu, na marehemu, aliyekuwa amewapa mgongo, alisikia kila neno. Damu isiyoganda ilikuwa dalili ya kwanza aliyowafundisha wafugaji wa Rombo. Kisusio kilipoiva akaomba bakuli la kwanza, akanywa mbele ya watu, akidhani kwamba kama kuna ubaya basi uanzie kwake, kana kwamba ugonjwa hupanga foleni. Mganga hajigangi.

Nyama ikagawanywa kwa utaratibu wetu, kidari kwa mkubwa wa ukoo, paja kwa wajomba wa mtoto, mbavu kwa wakwe, na sinia zikatoka zimefunikwa majani ya mgomba. Kwa jirani yetu Bibi Mektrida, mjane, ambaye si wa ukoo wala wa usharika wetu lakini aliwalea watoto wa nyumba hii kama wake, marehemu alichagua maini kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa yule mama hakuwa na meno ya kutafuna nyama ngumu. Ndivyo ugonjwa ulivyosafiri, bila mbu wala kupe, ukabebwa kwa heshima kutoka mlango hadi mlango, na aliyependwa zaidi akapelekewa kilicho laini zaidi.

Kuanzia Jumanne watu wakaanza kuanguka, kutapika, matumbo kuvimba, wengine kuharisha damu. Isack aliota kipele mkononi, kikageuka gamba jeusi, naye kwa kuwa hakikuuma akasema ameumwa na buibui. Zahanati, ambayo haikuambiwa lolote kuhusu ng'ombe, ilitibu taifodi. Njiani watu wakasema ni sumu, na macho yote yakamgeukia Bernadetha, kwa sababu ndiye aliyesimamia masufuria na ndiye mgeni kutoka upande wa pili wa mlima, kama tulivyosema kwa midomo yetu. Marehemu naye alikuwa kitandani na homa, na Isack alipomletea uji Jumatano aliuona ule mkono vizuri, akageukia ukutani. Alijua jina la ugonjwa, alijua dawa yake, alijua kila saa ina thamani gani, akanyamaza. Familia haina namna nzuri ya kulisema hilo.

Bibi Mektrida alifariki Alhamisi tarehe 11. Mchana ule Bernadetha alikwenda msibani kusaidia kupika, wanawake wakamnyang'anya mwiko, akarudi, akaketi ukingoni mwa kitanda cha baba mkwe wake, akamuuliza, "Baba, nimewakosea nini hawa watu?" Ndipo marehemu akafumbua mdomo. Alisema ni kimeta, kwamba mkono wa Bernadetha ni safi, kwamba aitwe bwana mifugo na daktari wa wilaya kabla jua halijazama, na kwamba kila aliyekula, aliyechuna na aliyebeba sinia atajwe kwa jina. Akayataja mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akilia.

Watu thelathini na mmoja walitibiwa kwa sababu ya maneno hayo, na mkono wa Isack umepona. Marehemu alipelekwa hospitali mjini Moshi, lakini tumbo lilikuwa limeharibika. Akiwa huko alimtuma Bi Elisifa kwa Sirili, mtoto wa Bibi Mektrida, na jani la masale, ambalo kwetu Wachagga ukiletewa na mwenye kukukosea huna ruhusa ya kulirudisha. Sirili alilipokea, akasema, "Mama Jesse, nimepokea, sina kisasi na mzee. Ila siku mtakaposoma historia yake, msije mkasema yule ng'ombe mlimuwahi."

Bi Elisifa alirudi na ombi hilo hospitalini, na marehemu akajibu kwamba lisomwe. Baadhi yetu katika ukoo tulitaka historia iseme tu kwamba aliugua kwa muda mfupi, tukafikiria jina la familia, tukafikiria wajukuu shuleni, na ni mjane wake aliyetunyamazisha. Basi inasomwa, Sirili ukiwa unasikia hapo uliposimama nje ya turubai. Yule ng'ombe hakuwahiwa. Alikuwa amekufa tangu usiku, sikio lake lilikuwa baridi kama jiwe, na Mzee Filemon alijua.

Marehemu alifariki dunia Ijumaa tarehe 19 Desemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 74, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Madaktari wametuhakikishia kwamba kimeta hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hiyo wanaobeba jeneza wasiwe na hofu, ila pale bandani palipozungushiwa seng'enge asiingie mtu wala asikate majani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, bwana mifugo na vijana waliochimba shimo la kufukia mabaki ya ng'ombe, wafanyakazi wenzake wa zamani waliotoka Rombo, na majirani waliokuja ingawa hakuna aliyewalazimu. Inamshukuru Bernadetha, ambaye tulimwangalia vibaya, na ambaye ndiye aliyemuuguza marehemu mpaka mwisho. Kwa yeyote ambaye bado ana ile nyama kwenye friji, au ameianika, na anaona aibu kusema, tunamsihi amwone bwana mifugo leo, hataulizwa jina, maana aibu imekwisha kutugharimu watu wawili.

Baada ya mazishi kuna chakula, nacho amekipika Bernadetha. Atakayeona vigumu kula katika nyumba hii aende kwa amani, hatutamhesabia. Sirili ametutumia ujumbe sasa hivi kwamba yeye atakula.

Pumzika kwa amani, Bwana Chokaa, nasi tuliobaki tutaitafuta ya kwetu.