Wasifu wa Bi Taratibu, Aliyepigania Sifuri Moja

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, yule wa pili kuzaliwa, mwalimu wa udereva. Nimepewa karatasi ya kusoma, na nyinyi mnayo mikononi, imechapwa vizuri, na picha yake akicheka iko juu. Baba mdogo aliipitia mara mbili na kukata aya kadhaa kwa kalamu nyekundu. Aliniambia kwamba msibani watu huja kuzika, hawaji kusikiliza kesi. Ninamheshimu sana baba mdogo. Lakini dada yangu alichukia kitu kilichosafishwa kupita kiasi, kwa hiyo nitasoma na zilizokatwa. Mkiona nimepotea njia msihangaike kufunua kurasa, nitarudi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi wa kushona nguo na mkewe. Tuliishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, na kilichotutenganisha na vyerehani vitatu ni ukuta wa mbao tu. Sisi wengine tulikua tukipaza sauti ili tusikike, na mpaka leo tukizungumza majirani hudhani tunagombana. Yeye hakupaza. Alikuwa akikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa na daftari lake. Siku moja, akiwa na miaka minane, alimwambia baba kwamba cherehani cha katikati kitavunja sindano. Baba akamwambia aende akacheze. Sindano ilivunjika kabla ya chakula cha mchana. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba kilikuwa kinagonga vibaya tangu juzi, ila wao walikuwa wamekizoea. Tangu hapo baba hakuanza koti la mteja bila kumwita binti yake asikilize kwanza.

Alianza shule ya msingi Januari 1978 na kumaliza sekondari mwaka 1990. Mwalimu wake wa hisabati aliandika kwenye ripoti kwamba ana uwezo ila ni mzito wa kujibu. Hakuwa mzito. Alikuwa anahakiki. Ripoti hiyo aliitundika ukutani ofisini kwake miaka yote, karibu na kalenda. Mwaka 1995 alihitimu shahada ya uhandisi wa umeme katika darasa la watu arobaini na mmoja, na mwaka 2007 akapata ya uzamivu, kwa kusoma jioni na kufanya kazi mchana, huku akinyonyesha. Katika hilo sina la kuongeza, kwa sababu mimi leseni yangu ya kwanza niliipata kwa mtihani wa nne.

Tarehe 2 Septemba 1996 aliajiriwa na hospitali kuwa mhandisi wa vifaa vya tiba, na huko alidumu mpaka mwisho. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya mashuka na ngazi, hakina dirisha, na feni yake ilitazama ukuta ili isipeperushe makaratasi. Yeyote aliyeingia akihema kwamba mashine imekufa alipokelewa kwa neno moja: taratibu. Ndiyo maana wenzake, ambao leo nawaona wamejaa upande wa kushoto, walimwita Bi Taratibu.

Kuhusu ndoa, shemeji yetu, mpima ardhi, alifika hospitalini mwaka 1998 na kifundo cha mguu kilichovimba. Siku hiyo marehemu alikuwa akirekebisha mashine ya eksirei, akamwambia kwa ukali asitikisike. Shemeji akacheka, picha ikaharibika. Ikarudiwa, akacheka tena. Ya tatu ilitoka vizuri, na kifundo kilikuwa kizima kabisa. Shemeji anakiri kwamba alikuwa ameshapona tangu picha ya kwanza. Walioana tarehe 24 Julai 1999 na kubarikiwa watoto wawili.

Sasa naingia kwenye yaliyokatwa.

Mwaka 2009 mama yetu aliugua. Alitakiwa apigwe picha za ndani kwa ile mashine kubwa ya sumaku, ambayo mgonjwa hulazwa na kuingizwa kama mkate kwenye tanuri. Mashine hiyo hupiga polepole, na mtu akipumua picha inavurugika. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa avute pumzi, aishikilie, aachie, ashikilie tena. Mama alirudishwa nyumbani mara tatu kwa sababu picha zilitoka na ukungu. Mara ya tatu mpiga picha alimsihi ajitahidi kushikilia pumzi, na mama akamjibu kwa utaratibu kabisa, "Mwanangu, ningekuwa na pumzi ya kushikilia, ningekuja kwako?"

Dada alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Aliniambia baadaye kwamba alisikia aibu, kana kwamba ni yeye aliyeulizwa. Mwaka uliofuata alianza kuandika programu ya kompyuta ambayo mgonjwa akilazwa, yeye anapumua tu kadiri Mungu alivyomjalia, na programu inajifunza pumzi zake. Inakisia pumzi ijayo, inakosea, inajirekebisha, inakisia tena, mpaka imzoee mtu yule, halafu inaondoa mtikisiko wa pumzi na kubakiza mwili. Ilimchukua miaka sita. Mimi hesabu zake sizijui, lakini nilimwelewa aliponieleza kwa usukani. Mwanafunzi wa udereva gari likienda upande hurekebisha. Wako wanaorekebisha kidogo kidogo, na wako wanaozungusha usukani wote kwa kila shimo. Programu nayo ina namba inayoiambia ijirekebishe kwa nguvu kiasi gani kila inapokosea.

Namba hiyo ndiyo iliyoniletea ugomvi na baba mdogo.

Ukiiweka nukta nne, programu inamzoea mgonjwa haraka, picha iko tayari kwa dakika nne, safi, inang'aa. Ukiiweka nukta sifuri nne, inachukua dakika kumi na moja na picha ina ukungu kidogo. Tofauti ni sifuri moja tu. Lakini anayezoea haraka huzoea hata asiyopaswa kuyazoea. Kitu kidogo kilichojificha mahali kinapopanda na kushuka pamoja na pumzi, programu yenye haraka nacho inakihesabu kuwa ni pumzi, inakifuta. Dada aliligundua hilo mwenyewe, katika kazi ya mikono yake mwenyewe, miezi michache baada ya hospitali kuanza kuitumia mwaka 2016. Mtu mwingine angenyamaza. Yeye alikwenda kusema.

Kamati ya vifaa ilimsikiliza na kumpongeza. Foleni ilikuwa ndefu, na hilo si uongo, watu walikuwa wakisubiri wiki tano. Mkuu wa idara ya picha, ambaye yuko nasi hapa, safu ya tatu, na tunamshukuru kwa kuja, alimwambia kwamba madaktari wanapenda picha safi. Namba ikabaki nukta nne. Alichopewa ni Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, siku ya matengenezo, apige picha za watu wawili wa kujitolea kwa namba yake ndogo, ili akusanye ushahidi.

Basi akakusanya. Tarehe 3 Februari 2017 aliandika barua ya kwanza kwa kamati, na kila mwezi akaandika nyingine, akieleza alichokiona. Watu watatu walikutwa na kivuli ambacho picha ya haraka haikukionyesha. Akajibiwa kwamba watatu ni wachache. Barua zikafika themanini na mbili. Katibu wa idara, mwanamke mkweli, ameniambia mwenyewe kwamba mwaka wa kwanza zilisomwa kikaoni, mwaka wa pili zilitajwa, na kuanzia mwaka wa tatu alikuwa akizipiga mhuri na kuzitia kwenye faili bila mtu kuuliza. Na mimi nisijitoe. Nilimwambia mara nyingi aachane nazo, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Aliniambia taratibu.

Ugonjwa wake sijui ulianza lini, na hilo linaniuma kuliko yote. Kuanzia mwaka 2022 alikuwa akiinuka kwenye kiti akiweka kiganja chini ya mbavu za kulia. Jumapili tukila kwa mama, aliinuka hivyo, na mimi nikabuni utani kwamba Bi Taratibu anapiga saluti. Watoto wakaupenda. Tukawa tunampigia saluti na sisi, meza nzima, naye anacheka. Mama peke yake hakucheka. Alimuuliza, "Huo mkono unatafuta nini hapo, mwanangu?" Dada akasema ni uchovu tu. Mwaka mzima tulipiga saluti.

Tarehe 21 Machi 2023 alipigwa picha kwa mashine ile ile, namba ile ile, dakika nne. Picha ilikuwa safi. Daktari akamwambia ashukuru Mungu. Aliitazama, akamwambia shemeji jioni ile kwamba ni safi mno. Mtu mwenye akili zake, ndugu zangu, angefanya nini? Nywila ya mashine alikuwa nayo. Programu ni yake. Kuongeza sifuri ni kubofya mara moja. Hakubofya, kwa sababu namba haibadilishwi bila idhini ya kamati, na sheria hiyo aliiandika yeye. Basi angejiweka kwenye orodha ya kujitolea Jumanne ya Aprili. Orodha ilikuwa imejaa. Akajiandika mwisho, kama mtu yeyote. Ilijaa Aprili, Mei, Juni, Julai na Agosti. Watu kumi walitangulia mbele yake, na kila mmoja yeye mwenyewe alimpokea mlangoni na kumpigia picha, huku mkono uko mbavuni.

Zamu yake ilifika tarehe 5 Septemba. Picha ilichukua dakika kumi na moja, ilikuwa na ukungu kidogo, na kwenye ini kulikuwa na uvimbe.

Nilimkasirikia. Msinitazame hivyo, bado nimemkasirikia. Mwezi Oktoba, wodini, nilishindwa kujizuia. Nilimuuliza kwa nini hakubadilisha namba siku ile ile ya Machi, dakika saba zaidi, nani angejua? Alihakiki kwanza.

"Ningeona ya kwangu, nikatibiwa, nikanyamaza," akasema. "Najijua, mdogo wangu. Ningechoka kuandika."

Nikamwambia hilo si jibu.

"Ni jibu," akasema. "Hulipendi tu."

Daktari wake ametueleza kwamba hata Machi huenda ingekuwa vigumu. Huenda. Neno hilo nimelala nalo wiki kadhaa, na sidhani kama litaniacha. Simtuhumu mtu hapa, kwa sababu nikianza kunyoosha kidole nitaanzia meza ya mama, Jumapili, kwa mwenye utani wa saluti. Dada alikuwa akisema haogopi mashine inayokosea, anaogopa inayozoea. Nilidhani anazungumzia mashine.

Barua ya themanini na mbili alimtamkia binti yake akiwa kitandani, binti akaandika, tarehe 3 Novemba. Mgonjwa anayetajwa ndani yake ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Jina hakuweka, maana sheria hairuhusu.

Narudi kwenye karatasi, baba mdogo.

Marehemu alifariki dunia Jumamosi tarehe 9 Desemba 2023, saa nne asubuhi, katika hospitali aliyoitumikia kwa miaka ishirini na saba. Mumewe alikuwa amemshika mkono, na mama alikuwa upande wa pili. Mama anasema alikuwa akihesabu pumzi zake, na kwamba zilikuwa taratibu.

Ameacha mume, binti anayesomea uuguzi na mwana aliye kidato cha pili, mama mzazi, wadogo zake watatu, nikiwemo mimi, shangazi, baba mdogo, wapwa na wajomba, na wenzake kazini, ambao kwa siku mbili hizi wamepika, wamebeba viti na kulia pamoja nasi. Ameacha pia sifuri moja ambayo bado haijaandikwa mahali pake. Mpaka jana mchana namba ilikuwa nukta nne. Niliuliza.

Dada, mwenye kukuumba akupumzishe kwa amani, na akusamehe ukaidi wako kama tunavyojaribu sisi. Mkuu wa idara, barua ya themanini na tatu ninayo hapa mfukoni. Mwandiko wangu ni mbaya lakini unasomeka. Tukishamaliza kumfukia, naomba uipokee kwa mkono, usinielekeze kwa katibu; na mwezi ujao nitaleta nyingine.